Ushuhuda wa Kidonda Kibichi

Kila mtu ana pua, lakini pua ya Kinyozi ilikuwa na cheo. Ilimtangulia kila mahali, ikakagua, ikatoa hukumu. Kazini kwake taulo iliyogusa kichwa kimoja haikugusa cha pili kabla ya kuchemshwa, vitana vililala ndani ya spiriti, na mteja aliyekuja na mba wa kutisha alipelekwa bombani kwanza, kwa heshima zote, kama mtu anayekwenda kubatizwa. Alikuwa na kinyaa na kila kitu: kikombe cha mtu mwingine, unywele kwenye sabuni, mkono wenye jasho watu wanaposalimiana kanisani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa mguu wa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu. Alijikwaruza kwenye chuma cha cherehani ileile iliyosomesha watoto wake, mkwaruzo wa kupaka mate na kusahau. Lakini mishipa ya mguu ule ilikuwa imechoka. Mkwaruzo ukawa kidonda, kidonda kikafikia upana wa kiganja, juu kidogo ya kifundo, kikakaa hapo zaidi ya mwaka kama mgeni asiyejua kuaga. Kilitoa maji ya njano. Katikati kilikuwa na ute kama wa yai viza. Na harufu yake, tuiache kwanza, huenda msomaji yuko mezani.

Dada mtu ndiye aliyekuwa akimwosha. Alipoolewa, Kinyozi akarithi beseni.

Muuguzi wa zahanati alimfundisha bila kumbembeleza. "Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, shashi safi. Kisha bandeji ya kukaza. Anzia vidoleni, panda nayo hadi chini ya goti. Usipake asali, usipake majivu, usipake mafuta ya upako. Bandeji ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Ukiitoa, mguu unavimba, kidonda kinaoza, na kikioza sana ni msumeno. Umeelewa?"

"Kitapona lini, dada?"

"Vidonda hivi huenda polepole. Wewe funga."

Basi akawa anafunga. Kila asubuhi alijipaka manukato ya ndevu chini ya pua, akajifunga kitambaa usoni kama jambazi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama na kugeuza uso. Kuosha kidonda huku umegeuza uso ni ufundi wa pekee. Maji mengi huishia sakafuni.

"Pumua, baba," Mama alikuwa akimwambia. "Huo ni mguu, si mzoga."

"Napumua, Mama."

"Kwa masikio?"

Kisha Mama alifumba macho na kuomba, sala fupi kuliko zote alizowahi kusikia Kinyozi: "Bwana, leo tena. Asante." Kinyozi naye aliomba kimoyomoyo, na yake ilikuwa fupi zaidi: "Harakisha." Alifungua bandeji kila asubuhi akitarajia ngozi mpya, akakuta ute uleule. Ilimuudhi. Aliona kama Mbinguni kuna foleni na kwamba kuna watu wanapitishwa dirisha la nyuma.

Alhamisi moja wakaja wanamaombi, na mbele yao Jemadari. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mama mwenye sauti ya king'ora, kiongozi wa kikundi cha maombi, na mwenye kushika kipaza sauti Jumapili za ushuhuda. Walikuja na marashi ya kutosha kufukuza nyuki. Wakaketi wote dirishani, leso puani, na Jemadari akanyoosha mkono kuelekea mguu, kutoka mbali, kama anayemnyooshea mbwa asiyemfahamu.

"Ewe kidonda!" alipiga kelele. "Nakuamuru! Kauka!"

Kidonda hakikujibu. Marashi na usaha vilikutana katikati ya chumba vikazaa harufu ya tatu, ambayo pua ya Kinyozi haikuwa na jina lake.

"Dada yangu," Jemadari akamgeukia Mama, "hiyo bandeji ya nini?"

"Ya muuguzi."

"Umeshaombewa, halafu umejifunga tambara la mashaka! Unamwambia Bwana sikuamini. Itoe. Jumapili ya wiki ijayo ni siku ya ushuhuda, na nimeshamwambia mchungaji una muujiza."

"Muujiza wenyewe bado haujafika."

"Unasemwa kwanza, unafika baadaye! Hiyo ndiyo imani!"

Mama akamtazama mwanawe. Mwenye kuosha ndiye aliyeijua kazi. Na hapa ndipo Kinyozi alipofanya jambo lililokuja kumtia kinyaa kuliko usaha wowote, ingawa siku hiyo alilifanya akitabasamu. Aliwaza asubuhi bila beseni. Aliwaza pua yake ikipumzika. Ghafla imani yake ikawa kubwa kuliko ya wote pale chumbani.

"Tujaribu, Mama," alisema. "Mungu hashindwi."

"Amina!" wakapaza sauti wa dirishani.

"Haya," Mama alisema taratibu. "Kama wewe umeamini."

Kinyozi akaifungua bandeji, ikatupwa jikoni motoni kwa shangwe. Hakuna mgeni aliyeushika mguu wenyewe. Jemadari alibariki hewa iliyouzunguka, akaondoka na jeshi lake.

Siku zilizofuata Kinyozi alikwenda kazini akipiga mluzi. Mama aliketi na shuka jepesi miguuni, na kila alipoulizwa alijibu, "Tunangoja." Kinyozi hakulifunua shuka. Alijiambia kwamba kuchungulia ni kukosa imani. Ni hoja nzuri sana kwa mtu asiyetaka kuona.

Jumatano mchana alirudi kuchukua wembe aliousahau. Harufu ilimpokea mlangoni, ikamvua kofia. Shuka lilikuwa limegandana na mguu. Alipolivuta lilitoka na kitu laini, cha kijani, na nzi wawili wanene wakapaa bila haraka, kama wenye nyumba waliosumbuliwa. Mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na wekundu umepanda karibu na goti. Mama alikuwa wa moto, midomo imekauka.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuona umefurahi," alijibu. "Ulikuwa unapiga mluzi. Sikutaka kukuvunja moyo."

Kinyozi alimbeba mgongoni hadi zahanati. Maji ya kidonda yalimchirizikia suruali nzima, yakaingia kwenye soksi. Hakuna namna ya kulieleza hilo kwa adabu.

Muuguzi alifunua, akavuta pumzi kwa mdomo. "Nani ametoa bandeji?"

"Ni imani, dada."

"Imani ina vidole? Nauliza nani ametoa."

"Mimi."

Muuguzi alimchoma Mama sindano, akampa vidonge, akachukua kalamu na kuchora mstari kwenye ngozi pale wekundu ulipoishia. "Osha asubuhi na jioni. Funga mwanzo hadi mwisho. Mama, meza dawa zote. Wekundu ukivuka huu mstari, usije kwangu. Nenda hospitali kubwa moja kwa moja, wakaukate mguu."

Jioni ile Kinyozi hakupaka manukato, maana chupa ilikuwa kazini. Alifungua, akatazama, akatapika ndani ya beseni. Akaenda kulimwaga, akalisugua kwa sabuni, akachemsha maji upya, akarudi, akapiga magoti. Aliona lazima aseme sala, na iliyokuja haikuwa na sifa zozote.

"Bwana, nasikia kinyaa."

"Amina," alisema Mama, bila kucheka. Kisha akacheka.

"Na ni mimi niliyetaka itolewe, Mama. Si kwa imani. Nilichoka kunusa."

"Najua, baba. Nimekuzaa mimi. Hata nepi zako mwenyewe ulikuwa ukizikimbia." Akamshika kichwa. "Mimi pia huwa nakinusa. Tofauti yetu ni kwamba mimi sina pa kwenda. Haya, usigeuze uso. Hapo pembeni umepasahau."

Akapaosha, macho yakiwa wazi, akiuchukia kila ute uliomgusa. Akafunga kutoka vidoleni hadi chini ya goti, akafungua kwa sababu bandeji ilikaa upande, akafunga tena. Asubuhi wekundu ulikuwa umegusa mstari. Kinyozi hakwenda kazini. Alikaa anautazama ule wino kama mtu anayetazama maji ya mafuriko kizingitini, na mara hii hakuomba haraka. Aliomba tu usivuke. Jioni ulikuwa palepale. Kesho yake ulikuwa umeshuka, upana wa unyasi.

Jumapili ya ushuhuda Mama akataka kwenda. Jemadari aliwapokea mlangoni kwa vigelegele, asiulize kitu, akamwita Mama mbele. Kinyozi akamshika kiwiko. Safu mbili za kwanza zilirudisha vichwa nyuma kwa pamoja, kama kwaya iliyofunzwa.

"Bwana asifiwe," Mama alisema kwenye kipaza sauti.

"Amina!"

"Nina kidonda."

Kanisa likangoja sehemu ya pili.

"Hakijapona. Kinanuka, walio karibu ni mashahidi wangu. Tulitoa bandeji ili kumharakisha Mungu, nikakaribia kukatwa mguu. Sasa nimefungwa tena, na ninamshukuru kwa leo. Ni hayo tu."

Hakuna aliyejua kama hapo husemwa amina. Jemadari akainyakua kamba ya kipaza sauti. "Dada, sema kwa imani!"

"Nasema kwa mguu," Mama alimjibu. "Unaoshwa asubuhi na jioni. Anayetaka kuniombea aje nyumbani, ashike beseni."

Wakarudi kwenye benchi lao, wakakaa wawili, benchi zima. Kinyozi aliwatazama wenye leso puani, akachukizwa nao hadi kooni. Ilimuudhi zaidi kwamba aliwafahamu vizuri. Ile leso alikuwa akiivaa yeye usoni kila asubuhi.

Kesho yake jioni mlango ukagongwa. Alikuwa Jemadari peke yake, bila jeshi, bila marashi, macho mekundu. Aliingia, akaketi mbali, akainuka, akasogea kidogo, akasogea tena. Kinyozi alimwamkia, akamkabidhi beseni, akaanza kufungua bandeji.

Mzunguko wa mwisho wa bandeji ulipotoka, Jemadari alifumba macho. Mashavu yakamvimba.

"Kuna beseni jingine pale nyuma yako, mama," Kinyozi alimwambia. "Lile ni la kutapikia. Ninalitumia mwenyewe."

Jemadari akalitumia. Alipomaliza alijifuta mdomo, akapiga magoti, akashika beseni la maji kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa na jasho, ukamgusa Kinyozi. Kinyozi akasikia kinyaa, ila hakuuondoa wake.

"Kwani," Jemadari aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kanisani, "kitachukua muda gani hiki?"

"Hatujui. Inua kidogo," Kinyozi alisema, "maji yanamwagika."