Filamu Iliyookotwa Kwenye Vikombe vya Maziwa

Habari hii nilipewa na Belyse, mjukuu wangu, Jumatatu ya Pasaka mwaka jana, tulipokuwa tunachagua mawe kwenye mchele wa Luberizi. Sehemu ya mwisho sikupewa na mtu, niliiona mwenyewe nyumbani kwangu, Rugenge. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kwa hiyo naandika polepole.

Belyse anapenda filamu za kuogopesha. Si zile za gharama, zenye magari yanayolipuka. Anapenda zile zinazotikisika, kama vile mtu alikuwa anakimbia na kamera mkononi. Zinaanza na maandishi kwamba picha hizi ziliokotwa mahali fulani na wenyewe hawakuonekana tena. Ananionyesha kwenye simu. Mimi nauliza, "Kitu chenyewe kiko wapi?" Anasema, "Ngoja, koko," maana kwetu bibi anaitwa koko. Tunangoja. Mlango unatikisika. Mtu anapumua. Tunangoja tena. Filamu inaisha, kitu chenyewe sijakiona, lakini nikienda jikoni naangalia kwanza nyuma ya mlango.

Basi yeye na Ganza, mtoto wa jirani, wakaamua kutengeneza yao. Wote wawili wana miaka kumi na saba. Kamera hawakuwa nayo, walitumia simu ya Belyse yenye kioo kilichopasuka. Hadithi waliyotunga ni kwamba kitu kilianguka kutoka juu kwenye nyota, kikazama ziwani, na sasa kinaingia katika nyumba za watu kikitafuta njia ya kurudi kwao. Walipiga picha katika nyumba moja ya ufukweni ambayo wenyewe waliihama maji ya ziwa yalipopanda. Ndani maji yalifika magotini. Walifanya kazi wiki tano, wakirudi jioni na nguo zinazonuka matope, nami nikidhani wanavua samaki.

Walipomaliza, ukuta wa nyumba ile ulianguka, na Ganza akanyoa nywele zote. Kwa hiyo kuirudia haikuwezekana. Na filamu yote ilikuwa katika kadi moja ndogo ya simu, ndogo kama ukucha. Kwenye simu yenyewe walikwisha kuifuta kwa sababu nafasi ilijaa. Belyse aliifunga kadi ile kwenye pembe ya kitenge, kama wanawake tunavyofunga vitu vyetu.

Alhamisi kabla ya Pasaka alikwenda kununua maziwa. Alipofungua pembe ya kitenge atoe pesa, kadi ikadondoka ndani ya kikapu cha vikombe cha muuza maziwa, na hakuna aliyeona. Mtoto alilia siku mbili. Alifagia uwanja wangu mara nne, akapepeta mpaka majivu ya jikoni.

Muuza maziwa huyo anaitwa Protais. Watu wake ni wa milima ya juu, lakini siku hizi yeye na ng'ombe wake wako Runingu. Jioni ile, akiosha vikombe, aliiona kadi. Mke wake, Mukabera, akaitia kwenye simu yake ili wamjue mwenyewe. Wakaona maandishi: "Picha hizi ziliokotwa kando ya ziwa. Wenyewe hawajaonekana hadi leo." Kisha wakaona giza, maji, na sauti ya msichana ikisema, "Tuko Rugenge, kama kuna mtu anasikia."

Mukabera alisema, "Hii ni filamu."

"Filamu gani?" Protais akamjibu. "Filamu iko safi. Watu wanapaka poda, taa zinawaka. Hii ni mbaya hivi, hata uso wa mutoto hauonekani. Uongo unatengenezwa vizuri. Hii hakuna mutu aliyeitengeneza."

Kwetu kitu kikiokotwa hakilali nyumbani kwa mtu. Kinapelekwa kanisani, kinatangazwa baada ya sadaka, na mwenyewe anasimama mbele ya watu wote. Ndiyo desturi. Jumapili ya Pasaka Protais alipanda baiskeli kutoka Runingu, akaja mpaka kanisa letu la Rugenge. Mimi goti lilikuwa linaniuma, sikwenda. Belyse na Ganza walikuwa wamekaa na kwaya.

Protais alisimama na kofia mkononi. "Wandugu, Bwana asifiwe. Minye ni Protais wa maziwa. Niliokota kadi ya simu kwenye vikombe vyangu. Ndani iko mutoto mwanamuke na mutoto mwanaume, bako mu nyumba ya maji, na kuna kitu kinabavuta. Kama iko muzazi mwenye kukosa mutoto, asimame. Siku tatu minye silali."

Hakuna mzazi aliyesimama. Mama mmoja wa nyuma akaanza kulia, halafu wa pili. Belyse alitaka kuinuka, Ganza akamvuta sketi.

"Weye, kaa! Umeona wapi kanisa nzima linaogopa filamu ya simu?"

"Watu wanalia, Ganza."

"Ndiyo vile nasema!"

Mchungaji akasema wote wapige magoti, waombee watoto waliopotea. Belyse alipiga magoti pamoja na wengine. "Sikujua niseme nini, koko," aliniambia. "Nilisema, Bwana, unirudishe, na Ganza naye."

Baada ya Amina, Protais akaomba kiberiti. Alisema kadi ichomwe pale nje, kile kitu kisiifanye njia ya kufuata watu wengine. Watu wakaitikia Amina kubwa kuliko ile ya kwanza. Hapo Belyse akasahau aibu. Wiki tano zake zilikuwa kwenye kidole cha mzee yule.

"Baba, musichome! Ule mutoto ni minye."

 Protais alitembea mpaka kwenye kwaya, akamgusa kipaji cha uso kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto mwenye homa.

"Umerudi lini?"

"Sikuenda, baba. Ni filamu. Tuliitengeneza sisi."

"Na kijana aliyevutwa miguu?"

Ganza akainua mkono. "Niko, mzee. Nilinyoa tu."

Kanisa zima likacheka, mpaka mchungaji. Protais peke yake hakucheka. Alifunga kadi kwenye leso yake. "Siku tatu," alisema. "Sasa munionyeshe hicho kitu. Nikikiona kwa macho yangu, kadi ni yenu. Nisipokiona, inaungua leo."

Kuanzia hapa niliona mwenyewe. Nilikuwa nakaanga samaki, mikebuka ya Pasaka, nikaona watatu wanaingia, mzee na baiskeli yake, na hawa wawili wameinamisha vichwa. Belyse hakunisalimu. Alipita moja kwa moja chumbani, akatoka na chandarua changu.

"Belyse, unakipeleka wapi mchana huu?"

"Koko, ndiyo yeye."

"Yeye nani?"

"Kile kitu cha ziwani."

Nikakaa chini. Kumbe yale matope ya chandarua niliyolaumu panya yalikuwa ya sinema. Belyse alileta na bidon ya njano ya kuchotea maji, iliyokatwa upande mmoja, akawasha tochi ndani yake, akampa Ganza. Ganza akajifunika chandarua, akainua bidon juu ya kichwa, akatembea akiburuta miguu kati ya kuku.

Protais alimtazama muda mrefu. "Ni huyu?"

"Ni huyu, baba."

"Huyu ndiye alifanya nifunge ng'ombe jua lingali juu?"

"Samahani, baba."

"Na ile sauti? Ile ya kunguruma chini ya maji?"

Watoto wakatazamana. Belyse akaangalia vidole vya miguu yake. "Ni koko. Akilala mchana. Tulimurekodi, halafu tukaipunguza mwendo."

Protais akageuka kunitazama mimi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama! Weye ni hatari! Mukabera alisema ni mamba!"

Mimi niligeuza samaki. 

Nilidhani yamekwisha, atatoa kadi aende. Badala yake alivuta kiti akasema, "Sasa tuitazame." Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, kwa hiyo tulijifunika kitenge kimoja, vichwa vinne, simu ya Belyse katikati. Joto, harufu ya samaki, na Ganza anatukanyaga. Maandishi yakapita. Maji yakasikika. Ulipofika ule mlango unaotikisika, nikasikia mkono wa Protais umeshika wangu kwa nguvu. Nami nilishika wake, ingawa nilijua ni mimi ninayekoroma.

Tulipotoka kwenye kitenge alijipangusa jasho. Ganza akamwambia, "Mzee, si umekiona? Ni chandarua."

"Ninakijua. Ninajua mpaka pale kilipotoboka. Lakini humu ndani hamukunionyesha chandarua. Mulinionyesha mulango. Nyuma ya mulango nimeweka vyangu vya kuogopa."

Vyake ni vipi, hakusema. Nilimjazia chai, sikuuliza.

Kisha akaitoa kadi kwenye simu, lakini hakuifungua ngumi. "Nitawapa. Ila mwishoni muandike kwamba watoto wako wazima, walirudi nyumbani, walikula."

"Mzee, tutachekwa," Ganza akasema.

 Nilimwona Belyse anaitazama ile ngumi. Nilitaka kumfinya akubali upesi, kwa maana mzee hakuomba kitu kikubwa.

"Hapana, baba," alisema.

"Hapana?"

"Nikiandika vile, wa kutazama watajua mbele. Mutu mumoja atamwambia mwingine, usiogope, mwishoni wanakula. Hakuna atakayeweka kitu chake nyuma ya mulango." Akamvuta Ganza karibu. "Lakini kila nitakapoionyesha, ikiisha nitasimama, minye na Ganza, mbele ya watu. Mwenye kutaka kutugusa kichwa, atuguse."

 Protais alikunywa chai yote kwanza, akaweka kikombe chini. Kisha akafungua ngumi.

"Na minye munitumie kwa simu ya Mukabera," alisema. "Nitamuonyesha tena, sitamuambia kitu."

Tulikula wali na mikebuka, na Protais akaongeza mara mbili. Halafu akaomba mkeka. Alilala kivulini kando ya baiskeli yake, kofia juu ya macho, na hakugeuka hata mara moja. Ganza akalala akiwa amekaa, kinywa wazi. Belyse alibaki ameegemea mguu wangu mzuri, akinakili filamu kutoka kwenye kadi kwenda kwenye simu ya Ganza, halafu kwenye yangu. Alinionyesha ule mstari mdogo unaotembea kwenye kioo, tukautazama pamoja. Ilikuwa kama saa tisa ya mchana. Mstari ulipofika mwisho, akahesabu nakala kwa vidole, moja, mbili, tatu na ile ya kadi, akaweka kichwa gotini pangu, akalala.