Njia Ileile kwa Pedali

Kwa miaka thelathini na moja Gavril Huțanu aliendesha treni kati ya Iași na Suceava, akazijua stesheni zote kwa dakika, kama mtu anavyowajua watoto wake kwa miaka yao. Alipostaafu, daktari alimwambia moyo wake umezoea mno kukaa kitini. Akanunua baiskeli ya mtumba yenye gia saba, akaanza kuzunguka vijiji vya jirani: kilomita kumi, ishirini, siku akijisikia, arobaini. Mwishoni mwa Agosti akamwambia mkewe, Eufrosina, kwamba Jumamosi angeenda nayo Suceava, kwa binti yao Ilinca.

Eufrosina alikuwa anachoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi. Hakugeuka.

"Suceava ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mwanaume wewe, treni ipo, na tiketi unapewa bure!"

"Ndiyo maana njia siijui."

Alitoka saa kumi na moja alfajiri na mkate, jibini, mayai manne ya kuchemsha na chupa mbili za maji. Hadi Târgu Frumos alikwenda akipiga mluzi. Baada ya pale barabara ikaanza kupanda, ndipo alipogundua kwamba nchi yake ina vilima. Kwenye treni, mlima ulikuwa ni kusogeza mkono wa mtambo kidogo tu, injini ikanguruma, basi. Sasa injini ilikuwa mapaja yake mwenyewe, nayo yalikuwa yanalalamika. Mara mbili alisimama akajifanya anakagua mnyororo, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Adhuhuri alikuwa amemaliza kilomita mia moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na upepo wa bonde la Siret ulikuwa unampiga usoni. Mbele kidogo ya Dolhasca tairi la nyuma likapata pancha. Akaikokota baiskeli hadi kwenye kivuli cha uzio wa nyumba ndogo ya manjano kando ya reli, na alipoinua macho akaitambua. Ilikuwa nyumba ya mlinzi wa kivuko, pale barabara inapokatiza reli. Kwa miaka ishirini mwanamke alisimama mlangoni pale, bendera ameikunja kwapani. Kila alipopita, Gavril alipiga honi mbili fupi, naye akaitikia kwa kichwa. Hawakuwahi kufanya zaidi ya hapo.

Mlango ukafunguka. Akatoka bibi mmoja mfupi, kitambaa kichwani, ndoo ya maji mkononi, kuku wakimfuata.

"Uchovye mpira humu, utaona mapovu yanapotokea," alisema. "Unatoka wapi na jua hili?"

"Iași."

"Kwa hicho kidude?"

"Kwa hikihiki, mama. Zamani nilipita hapa kwa treni. Nilikuwa dereva."

Bibi akaitua ndoo taratibu. "Treni ipi?"

"Ya asubuhi. Saa tatu kasoro dakika kumi."

"Honi mbili fupi."

"Honi mbili fupi," Gavril akakubali.

Bibi akaketi kwenye benchi, akamkagua kuanzia viatuni. "Ee Mungu wangu, kumbe una miguu! Miaka yote ile nilikuona kifua na kichwa tu, kama picha ya mtakatifu ukutani."

Wakacheka wote wawili. Jina lake Catrina. Kivuko kilipowekewa mashine, yeye akaachiwa nyumba. Gavril alipokuwa anakwaruza mpira ili aubandike kiraka, Catrina akasema:

"Kuna wiki hukupiga honi. Februari, mwaka ule theluji ilipofika madirishani. Siku ya kwanza nikasema kasahau. Ya pili nikasema kaninunia. Ya tatu nikasema huyu kafa. Nikaenda kanisani kukuwashia mshumaa."

"Upande wa mishumaa ya kuwaombea wazima au wafu?"

"Sikuwa na hakika. Nikawasha miwili."

Mikono ya Gavril ikasimama. Wiki ile alikuwa anamzika mama yake. Alipewa ruhusa, akawekwa dereva mwingine, na treni ilifika kwa wakati siku zote sita. Aliporudi kazini hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Tangu hapo aliamini kwamba kiti cha dereva hakimjui anayekikalia.

"Nilikuwa nimefiwa na mama," alisema.

"Basi ule wa wafu haukupotea bure," Catrina akajibu. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plamu, akaufunga mwenyewe nyuma ya kiti cha baiskeli.

Kilomita arobaini zilizobaki alizipiga polepole, akiyatazama madirisha. Siku zote alidhani yeye ndiye anayewaona watu wa njia ile, wao wakiona treni tu. Sasa kila aliyekuwa akianika nguo au akilima karibu na reli alimtia mawazo: huyu naye je, alikuwa akiningoja?

Suceava ikaonekana, lakini mji uko juu na stesheni iko chini. Treni yake haikuwahi kuupanda mlima ule. Katikati ya mwinuko mapaja yakagoma kabisa. Akashuka, akasukuma hatua hamsini bila kuona haya, akapanda tena. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni alifika kwa Ilinca.

Binti yake alikuwa amesimama nje, simu mkononi. "Mama kapiga mara tisa! Shuka basi, baba."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mguu hauinuki, mwanangu."

Ilinca akailaza baiskeli upande hadi baba yake akateleza kutoka juu yake kama gunia la viazi, wakacheka mpaka jirani akachungulia. Ndani akala mabakuli mawili ya supu, na la tatu akalala nalo mbele yake.

Alikuwa amepanga kurudi kesho yake. Magoti yakakataa kukunjika, akakaa siku nne. Katika miaka tisa tangu Ilinca aolewe, hakuwahi kulala kwake zaidi ya usiku mmoja. Siku ya tatu wakaenda pamoja sokoni, Gavril akitembea kama bata, binti yake amemshika mkono, akimwonyesha mahali anaponunua mikate.