Uvungu wa Vila ya Muaither

Uvungu uliokuwa chini ya sakafu ya vila ile ya Muaither, huku ughaibuni, ulikuwa mfupi, hata kujikuna ilibidi kwanza ugeuke ubavu. Rodney Omondi na Abdulrahman, Mpemba anayelala naye chumba kimoja katika kambi ya vibarua wa kigeni ya Industrial Area, walikuwa humo tangu asubuhi, wakitandika nailoni nzito juu ya mchanga uliolowa na kuibandika ukutani, unyevu usipande tena sebuleni. Ni kazi ya wawili: mmoja anaishikilia, mwenzake anapaka gundi. Ukiiachia kabla haijashika, upande mzima unaporomoka. Na fomeni Reuben alishasema hatoki mtu mpaka ukuta uishe.

"Msee, lala vizuri," Rodney alimtania mwenzake aliyekuwa chali, mikono kifuani. "Umebakisha tu kufukiwa."

Siku nyingine angerudishiwa kejeli ya Kipemba. 

"Mama azikwa leo," Abdulrahman alisema. "Ba'mdogo atanishikia simu kaburini, nisikie akisomewa talakini, dua ya mwisho. Humu simu haishiki."

Rodney akamgeukia.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngenililia. Nami nisingeweza kupanda basi la kazini."

Rodney akajilaza ubavu, akaikandamiza nailoni kwa mgongo, ncha moja kaishika kwa kiganja, nyingine kaikanyaga kwa soli ya buti.

"Toa kichwa kwa lile tundu la jikoni, simu itashika hapo. Hii niachie."

"Huiwezi peke yako."

"Utaenda ama nikusukume?"

Abdulrahman alitambaa, zikabaki kuonekana nyayo zake tu, tundu lote kaliziba. Gundi ilimchuruzika Rodney shingoni. Paja likaanza kutetemeka.

"Mko wawili huko?" Reuben aliita kutoka uani.

"Tuko, boss. Tumeshika ukuta, usituongeleshe."

Hatua zikaondoka. Nailoni ikateleza juu ya bega; akaizuia kwa paji la uso, akafumba macho. Kutoka kwenye tundu ilikuja sauti nyembamba ya mzee akisoma, ikikatika na kurudi, kisha watu wengi wakaitikia amina.

Abdulrahman aliporudi, alichukua brashi bila kumtazama.

"Wameshamfukia."

Rodney, aliyezoea kufanya mzaha mambo yakimzidi, aliikaza nailoni ili mwenzake apake gundi. 

"Aliitwa nani?"

"Mwanamkuu binti Hamadi."

Rodney akalirudia jina lile polepole, asije akaliharibu.

"Niambie habari zake," alisema. "Ukuta bado mrefu."