Ardhi Iliyoamshwa kabla ya Wakati Wake

Asubuhi kweupe, Gumercinda Huillca alilitungua jembe la marehemu mumewe ukutani, akalitia begani, akapita nalo katikati ya kijiji cha Qollpapampa. Lilikuwa jembe la mguu, mpini wake mrefu kumpita yeye kimo, na ncha ya chuma, na kikanyagio cha mti kilichokazwa kwa ngozi. Katika milima ile, tangu enzi za mababu, mwanamume ndiye akanyagaye. Mwanamke huinama mbele yake akaligeuza bonge la udongo kwa mikono. Mwanamke aliyelishika jembe lile alikuwa amewaambia wanaume wote, bila ya kufumbua kinywa, kwamba hawapo. Na ndivyo alivyokusudia.

Casiano, ndugu wa huyo marehemu mumewe, alikuwa kizingitini kwake akitafuna majani ya koka.

"Shemeji, angalia jembe hilo lisikuoteshe ndevu!"

"Heri ziniote mimi. Zako zimekufaa nini? Shamba linakwenda, nawe umekaa hapo unacheua kama mbuzi."

"Mzee Melitón kasema Wayrapata imelala."

"Basi kalale nayo."

Hakusimama. Ghadhabu yake ilikuwa ya tangu jana, na usiku haukuipoza.

Wayrapata lilikuwa bega la mlima, mali ya kijiji kizima. Hupandwa viazi, kisha shayiri, kisha huachwa miaka kadhaa irudishe nguvu, kama apumzishwavyo mzazi baada ya uchungu. Mwaka huu ilikuwa katikati ya mapumziko yake. Ndipo Bwana Evaristo Larrabure, mwenye shamba kubwa la bondeni, aliyekwisha kuyameza mabonde mawili pasi na kushiba, alipokwenda mahakamani kudai kuwa ile ni ardhi pweke isiyo na mwenyewe. Hakimu akasema atakuja leo aione kwa macho yake.

Wanakijiji walifurahi! Walidhani kila mwenye macho hutambua shamba lililopumzishwa. Mzee Melitón, aliyeshika fimbo ya uongozi, akaamuru mifugo yote ya kijiji iondolewe kule, samadi izolewe, na kibanda cha wachungaji kivunjwe, ili mgeni aikute ardhi katika utulivu na heshima yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga kelele katika mkutano wa jana.

"Mnafagia mashahidi wetu!" alisema Gumercinda.

"Kaa kitako, mama," wakamwambia.

Sasa alifika juu, akakuta asichokitarajia. Kondoo wa Larrabure, masikio yao yamepakwa rangi nyekundu, walikuwa wametapakaa Wayrapata nzima, wakikata majani yaliyoachwa wazi kwa ajili ya heshima ya hakimu.

Chini ya nyasi matuta ya zamani yalikuwa yangali yakionekana, matuta aliyoyainua mumewe. Akaisimamisha ncha juu ya mojawapo, akakanyaga. Udongo uligoma. Akakanyaga tena kwa uzito wote wa mwili wake, bonge likainuka, akaliweka jembe chini, akainama kuligeuza mwenyewe, akarudi tena kwenye mpini. Alijua anachokitenda. Ardhi iliyokatizwa usingizi hutoa viazi vidogo vyenye funza, na huweka kinyongo miaka mingi. Hapo ndipo lilipokuwa shina la hasira yake: dhalimu yule hakumwachia njia ya kumtetea mama yake, ardhi, ila kwa kumpiga.

Hakimu alifika juu ya nyumbu, Larrabure ubavuni mwake juu ya farasi. Nyuma yao wanakijiji walipanda kwa miguu, wamevaa nguo za sikukuu, na Mzee Melitón mbele yao na fimbo yake yenye pete za fedha.

"Kondoo hawa wa nani?" aliuliza hakimu.

"Wangu, Mheshimiwa. Siku zote hulishwa hapa."

"Mwongo!" Gumercinda alipaaza sauti. "Wameletwa leo! Mavi yao bado yanafuka moshi!"

Hakimu aliyatazama mawingu. Mzee Melitón akavua kofia.

"Mheshimiwa, ardhi hii ina wenyewe. Tumeipumzisha. Mifugo yetu tumeiondoa kwa heshima yako."

"Kwa hiyo mmeiacha."

"Tumeipumzisha, Mheshimiwa."

"Nimekuelewa, mzee. Mmeiacha. Na huyu mwanamke?"

"Mjane, akili zimemruka," Larrabure alicheka. "Wamemtuma aje kukwaruza majani ili uone."

"Nimekwisha kuona," alisema hakimu, na mguu wake haukugusa udongo. Akamgeuza nyumbu, wakateremka.

Kondoo waliendelea kula. Gumercinda aliokota bonge la udongo, akalitupa miguuni pa mzee.

"Heshima yako hiyo, baba mzee! Mwizi anakuja, nawe unamfagilia njia!"

"Shemeji, basi," Casiano alinong'ona.

"Basi nini? Nimeanza sasa!"

Mzee Melitón alilitazama bonge lile. Kisha akaichomeka ardhini fimbo ambayo hakuwahi kuiachia mbele ya watu, akavua joho lake la sufi, akanyoosha mikono.

"Nipe jembe, binti yangu."

"Silitoi. La mume wangu."

"Haya. Mimi nitageuza."

Akapiga magoti mbele yake, yeye mshika fimbo, mahali pa mwanamke. Minong'ono ilipita katika umati. Casiano aligeuka, akashuka kijijini mbio, huku akipiga ukelele majembe yaletwe. Wanawake wakavua shali za sikukuu, wakaanza kuwaswaga kondoo bondeni kwa mawe na matusi. Mchungaji wa Larrabure akawafuata wanyama wake akitishia askari.

"Waje!" alimjibu Gumercinda. "Watatukuta tumepanda!"

Hakumsamehe mzee. Alikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, safu baada ya safu, na udongo mweusi ukapasuka karibu mno na vidole vile vya kizee.

"Ondoa mkono, baba mzee, nitakukata."

Mzee akauondoa; ncha ilipozama, akaurudisha.