Lehemu ya Pili

...na bado inavuja, nimesafisha sindano na kiti chake, nimepuliza kila tundu, na bado petroli inatiririka chini ya kabureta, basi ni boya, kile kikopo cha shaba kinachoelea humo ndani, boya limetoboka linazama, petroli inamwagika mpaka plagi inalowa, ndiyo maana inamzimikia Jairo kila akipanda kutoka Masoko... Jairo amekaa barazani kwangu akisubiri mvua, ananisimulia habari za kahawa, kwamba siku hizi wanunuzi wamekuwa wengi, si chama cha ushirika peke yake kama zamani, mwenye pikipiki ndiye anayewahi shambani, nami naitikia ehe, ehe, bila kusikia, kwa sababu tangu alipoisukuma hii pikipiki uani nimeuona mkwaruzo kwenye tangi, ule wa geti letu, nikajiambia pikipiki kuukuu zote zina mikwaruzo, Shamimu, fanya kazi... lakini ni yenyewe, ni ya Husseni mume wangu, aliondoka nayo masika yale kwenda kuuza vitenge ng'ambo, Malawi, mto Songwe wa mpakani ukajaa, watu wakaja kusema umemchukua yeye na pikipiki, hatukupata hata shati la kuzika, tukamswalia bila mwili, nikakaa eda, na mpaka leo mvua ikinyesha namsikia anakata kona ya msikitini, nasimama, natega sikio, hakuna kitu, migomba tu inapigwa na upepo... basi mto umetema chuma ukabaki na mtu, inawezekana, mbona magogo huibuka... nalitoa boya, nalitikisa sikioni, ndani kuna petroli inacheza, nalizamisha kwenye maji ya moto nione povu linatokea wapi, na lehemu ya kwanza naijua, nililishika mimi kwa koleo yeye akiyeyusha risasi ya kulehemu, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kila lehemu yake aliimalizia kwa kuvuta kimkia upande, nikawa namcheka, lakini povu halitoki hapo, linatoka upande wa pili, na upande wa pili kuna lehemu nyingine, na kimkia, kimevutwa vilevile... hii sikuishika mimi, boya lilikuwa na lehemu moja tu alipoondoka, nililirudisha ndani kwa mikono yangu.

"Kaka Jairo, hapa palichomelewa na nani?"

Anasema hajui sana, dada, yeye amenunua Kyela kwa mtu wa Karonga, na huyo mtu alimwambia ni kazi ya fundi wa sokoni kwao, fundi huyo ndiye aliyemuuzia pikipiki, Mswahili kama ninyi, ana mke kule na watoto wawili, kisha anarudi kwenye kahawa yake, hajui alichosema, hata kikombe hakutua... watoto wawili, na mimi nilikuwa natetemeka kukanyaga daraja la mto wowote, nilikuwa nikiota macho yake yamejaa mchanga, kumbe alikuwa anakula, analala, anavuta vimkia... na Ijumaa Rahim ananioa, Rahim wa duka la vitambaa, mtu mpole aliyesubiri mpaka nikakubali, na mke wa mtu aliye hai haolewi, Shamimu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua... lakini nani anajua? chuma cha kulehemu kimo kwenye makaa, kimeiva, nikikigusisha hapa kimkia kinayeyuka, naweka risasi yangu juu, Jairo anawasha, anakwenda, Husseni anakufa kweli safari hii, kwa mkono wangu... nakishika, nakisogeza, risasi inaanza kung'aa, na jikoni mama mkwe wangu, Bi Biubwa, mama yake Husseni, anaita, anauliza mchele wa Ijumaa ununuliwe leo au usubiri, yeye aliyeniambia, mwanangu, uolewe, nami nitakuwa mama yako vilevile, yeye ambaye kila hitima huulizia kama kuna mtu amewahi kuona kaburi la mtu asiyejulikana karibu na maji, kila mwaka, kwa sauti ileile... namwonea huruma, namwonea wivu, kwa neno moja yeye atampata mwanawe na mimi nitampoteza Rahim... nakirudisha chuma kwenye makaa. Jairo anauliza itakuwa tayari saa ngapi, maana mvua imepungua. Haijapungua.

"Mama," naita, "acha mchele. Njoo ukae hapa kwangu kwanza. Husseni yu hai."