Nyumba Saba za Karatsor

Kamati ya Kumbukumbu iliwatangazia rasmi wanajumuiya wote wa Dubai kwamba biskuti za mkutano wa Aprili 2015 zingekuwa za ufuta, si za lozi kama ilivyoelezwa awali. Chini ya tangazo, kwa herufi ndogo, iliongezwa kwamba daftari la vijiji vya asili vya Waarmenia, waliofukuzwa makwao miaka mia iliyopita, lingefungwa Alhamisi.

Kijiji cha Bibi Vartuhi hakikuwamo. Yeye alizaliwa ukimbizini, mjini Halab, Syria, akapokea habari za kwao kwa mamake. Lakini kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi tangu Januari. Bintiye, Madam Sevan, hakuwahi kumwuliza. Kila mama alipoanza, yeye aliongeza sauti ya televisheni. Aliyeuliza, kabla ya kiharusi, ni Joha, mlezi wa bibi kutoka Pemba, kwa kuwa kwao kuishi na mtu bila kujua nasaba yake ni utovu wa adabu. Akahifadhi kama alivyohifadhi juzuu za Kurani chuoni: bibi akisema kwa Kiarabu, yeye akirudia, mpaka asikosee.

Alhamisi asubuhi katibu wa kamati, Bwana Hagop, alifika nyumbani kwao, mtaa wa Al Baraha, na kinasa sauti.

"Yalla, dada, sema."

Joha akakaa kitako. Kijiji Karatsor. Nyumba saba kuizunguka chemchemi: ya mhunzi, ya mjane Nunuk, ya kasisi, ya mfinyanzi...

Kiganja cha bibi kikapiga mkono wa kiti. Pa!

"Amechoka," alisema Hagop.

"Hajachoka. Nimeruka nyumba, kanikosoa. Mkali huyu, maalimu wangu hamfikii." Joha akarudi nyuma. "Ya kasisi, ya Melkon mfuma mazulia, babu yake bibi, ndipo ya mfinyanzi. Sawa, bibi?"

Kiganja kikatulia hadi nyumba ya saba.

"Melkon," alisema Madam Sevan, ambaye hakupata kulisikia jina hilo. "Nami nikiangalia tamthilia!" Akamshika Joha mikono yote miwili. "Umenipa mababu, Joha. Nikushukuru vipi?"

"Wa kushukuru mimi, madam. Miaka sita mji huu, aliyeniuliza kwetu wapi na babu yangu nani ni mama yako peke yake."

Hagop alizima kinasa sauti, akaahidi kulifikisha suala kunakohusika.

Jumamosi kamati ilimwandikia Joha barua ya shukrani yenye mihuri miwili, kisha ikaamua kwa kauli moja kwamba Karatsor kiingizwe daftarini kama kijiji kisichojulikana, mpaka apatikane shahidi wa damu aliyesikia habari zake kwa Bibi Vartuhi mwenyewe.