Maji ya Mwanamize

Mwaka wa hamsini na tisa, kiangazi kilipokaza hapa Msuka, jirani yangu Mzee Duni aliuziba matobo mtumbwi wake mkuukuu, akaukokota hadi mpakani mwa shamba langu, akaujaza maji ya kisima. Maji hayo yalikuwa ya paa, tumbili na ndege, sadaka kwa ajili ya mkewe, Mwanamize, aliyefariki mwezi wa Ramadhani. Mtumbwi aliuweka chini ya kivuli cha mfenesi wangu ili wanyama wanywe kwa raha.

Raha waliipata, wallahi! Paa akishakunywa haondoki. Hulala pale pale, akiamka hutafuna. Michungwa yangu michanga iliyokuwa karibu na maji ikabaki vijiti, na ardhi ikakanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Ile ya mbali haikuguswa hata jani. Tumbili nao wakauvunja mfenesi matawi, kwa mchezo tu.

Michungwa ile nimeipanda mwenyewe, mimi Khairiya, na maji yake nimeyabeba kichwani. Ndiyo niliyoitegemea uzeeni. Hasira zilinipanda, lakini Mwanamize alikuwa shoga yangu, tumesukana nywele tangu wadogo. Nitamkatiaje thawabu zake kaburini?

Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mzee Duni. Wanyama wako wanan'malizia michungwa."

"Marahaba. Basi furahi, bibi! Mwenye kupanda mti, anachokula mnyama huandikiwa sadaka yeye aliyepanda. Shehe katusomea juzi tu."

"Nshasikia. Lakini miye ntakuwa tajiri akhera na fukara hapa Msuka. Na sadaka hiyo siitoi kwa moyo."

Tabasamu likamfutika usoni. "Hukuridhia?"

"Sikuridhia."

"Astaghfirullah. Kumbe nampelekea Mwanamize haki ya mtu."

Baada ya sala ya alasiri akaja kuukokota mtumbwi, nami nikamsaidia kusukuma. Nilidhani anaupeleka msituni. Akaupeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye mpera alioupanda Mwanamize alipokuja hapo bibi harusi. Tangu mazikoni mpera ule aliuzungushia ua wa makuti, na pera hakumpa mtu. Hata ndege aliwatupia mawe. Sasa akaanza kuubomoa ua kwa mikono yake.

"Watauvunja huo, mzee," nilimwambia.

"Nawauvunje. Kaupanda yeye, na tangu afe hajala mtu wala mnyama. Miye nadhani namtunzia, kumbe namzibia."

Haukupita muda tumbili akashuka, akanywa, akapanda mperani. Akachuma pera, akaling'ata mara moja, akalitupa. Nikacheka. Mzee Duni akaliokota, akalipangusa mchanga kwa kanzu yake, akamnyooshea yule tumbili juu.

"Malizia, baba," alimwambia, machozi yanamtiririka na yeye anacheka. "Hilo la mke wangu."